Kamati Haijaielewa "Kisasi cha Mgomba"

Jumanne, 15 Julai

Barua pepe imefika saa nne asubuhi. Tamasha la Filamu za Mlimani linasikitika kunijulisha kwamba filamu yangu, Kisasi cha Mgomba, haikuchaguliwa. Nimeisoma mara sita. Neno la kuzingatia ni "linasikitika". Nani husikitika akikataa kitu kibaya? Mtu akirudisha chai iliyoingia nzi, husikitika? Kwa hiyo kamati inajua thamani ya ile filamu. Kuna kitu kimewazuia. Hofu, nadhani.

Niandike na haya kwa ajili ya watakaosoma shajara hii baadaye, maana itasomwa. Mimi ni Hosea, umri miaka thelathini na sita, mwongozaji wa filamu, mkazi wa Kiboriloni. Harusi na vipaimara napiga video pia, kwa ajili ya tumbo. Kisasi cha Mgomba ina urefu wa saa mbili na dakika arobaini. Komandoo anarudi kijijini baada ya majambazi kufyeka migomba ya babu yake. Nimeandika mimi, nimeongoza mimi, komandoo ni mimi. Mkuu wa majambazi pia ni mimi, kwa sababu aliyepangwa alipata kazi ya kubeba mizigo ya wageni mlimani siku ya kwanza tu. Ndiyo maana katika pambano la mwisho hawa wawili hawaonekani pamoja hata mara moja. Nimeliziba hilo kwa helikopta.

Tatizo ni moja. Wakati wa Pasaka, mbele ya Mama na ukoo mzima, baba mdogo Eliudi alinibana kuhusu kazi ya kueleweka. Yeye ni mwenyekiti wa ushirika wa maziwa kule nyumbani, Old Moshi. Nikatoa neno: filamu hii ikikataliwa, tarehe moja Agosti naanza ukarani katika kituo cha kukusanyia maziwa. Kupima maziwa ya watu kila kukicha. Nilitoa neno upesi kwa sababu sikuona hatari yoyote.

Kindness amepiga simu mchana. Huyu ndiye aliyenishikia maiki katika Kisasi. Ametengeneza filamu yake mwenyewe, dakika tisa, wanawake wanashusha ndizi sokoni Kiboriloni. Hakuna anayepigwa hata kofi. Imechaguliwa. Nimempongeza kwa sauti ya mtu mzima. Akaniuliza kama ningependa kusikia maoni yake kuhusu filamu yangu. Nikamwambia simu inakatakata. Haikuwa inakatakata.

Nyumbani sijasema kitu.

Jumatano, 16 Julai

Nimeamka na akili. Kamati inahitaji kusukumwa na mtu mwenye cheo. Saa tatu nimepiga simu ofisi ya tamasha, nikajitambulisha kama Dokta Gidioni, mchambuzi wa filamu kutoka Arusha. Sauti niliishusha mpaka kifuani. Aliyepokea ni Bi Magreth, mratibu, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Nilimweleza kwamba nimebahatika kuiona kazi ya kijana mmoja wa hapo Moshi, na kwamba tangu siku ile sijalala vizuri. Nikataja helikopta. Nikasema Afrika nzima inaisubiri.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Ishara nzuri. Kisha akasema, "Asante sana, Dokta. Na wewe Hosea, uwe na siku njema."

Nimekaa kitandani kama nusu saa. Kuna mtu ameniuza. Halafu nikakumbuka kwamba namba yangu ya simu niliiandika kwa wino mwekundu kwenye fomu yao, sehemu tatu.

Ijumaa, 18 Julai

Mchagga hakosi njia. Jana nilipanda hadi nyumbani Old Moshi, nikachuma jani la isale kwenye ua wa kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo. Kwetu, ukimpelekea mtu isale kuomba radhi, hana ruhusa ya kukataa. Ndugu waliokatana mapanga wamesuluhishwa kwa jani hilo. Kamati ya filamu ni nini?

Leo nimeingia ofisini kwa Bi Magreth nikiwa na suti. Nikamwamkia shikamoo, nikamkabidhi jani kwa mikono miwili. Ni Mchagga mwenzangu, mtu wa Kilema, kwa hiyo sikuhitaji kueleza. Alilipokea kwa heshima, akasimama, akasema amenisamehe kabisa kwa habari ya Dokta. Nikauliza, na filamu je? Akafikiri. Akasema filamu nayo ameisamehe.

Nimetoka nje sijui kama nimeshinda au nimeshindwa. Kwa ujumla naona kama nimeshinda.

Jioni baba mdogo amepiga simu kuuliza kamati imesemaje. Sikusema uongo. Nilimwambia kwamba filamu yangu imezungumzwa sana ofisini, hata leo hii, na mratibu mwenyewe alisimama. Kisha akasema, "Basi, mwanangu, Mungu ni mwema." Akakata. Sikupenda jinsi alivyokata.

Jumapili, 20 Julai

Imetangazwa kanisani.

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na Mama. Baada ya matangazo ya mnada wa mazao, mzee wa kanisa akasoma karatasi yenye mwandiko wa baba mdogo: mwana wa usharika huu, Hosea wa marehemu Eliakim, filamu yake itaonyeshwa katika tamasha kubwa mjini Jumamosi ijayo. Usharika mzima ukageuka kunitazama. Makofi. Nilisimama. Ningefanya nini? Nikainamisha kichwa kama watu wa filamu wanavyofanya.

Nje ya kanisa mambo yakaharibika zaidi. Umoja wa wanawake wamekubaliana kukodi kosta waje wote, wamevaa sare. Mama hakusema mengi. Mama yangu, Elisifa, si mtu wa maneno. Alinishika kiwiko tu, akasema ana kitenge ambacho hajawahi kukivaa tangu Baba afariki, miaka minne sasa, na anadhani Jumamosi atakivaa.

Nikamwambia kitampendeza.

Nimeshuka Kiboriloni kwa miguu ili nipate kufikiri.

Jumanne, 22 Julai

Mpango umekamilika. Wanawake wa Old Moshi hawajawahi kuhudhuria tamasha la filamu. Kwa hiyo hawajui linafananaje. Kwa hiyo tamasha linaweza kufanana na kitu chochote.

Gidioni ana banda la kuonyeshea mpira karibu na soko la Kiboriloni. Mabati, mabenchi, projekta moja nzuri. (Jina lake ndilo nililompa yule Dokta. Hajui.) Amekubali kunipa banda Jumamosi kuanzia saa nane, nami nitampigia video ya ubatizo wa mwanawe. Sharti lake: saa kumi kamili kuna mechi ya kirafiki, mashabiki lazima waingie. Nikamwambia hakuna shida. Hakuniuliza filamu ina urefu gani, nami si mtu wa kumchosha mwenzangu kwa takwimu.

Nimechora bango kubwa: TAMASHA. Herufi zimenishinda kidogo mwishoni, A ya mwisho imekaa upande. Inaonekana ya kisanii.

Nimempigia Mama, nikamwelekeza: mkishuka na kosta msiende mjini, ishieni hapa Kiboriloni, mtaona bango. Akauliza mbona tamasha liko karibu na wauza mitumba. Nikamwambia siku hizi sanaa inawafuata watu. Akasema sawa, baba.

Jumamosi, 26 Julai

Niandike kwa utaratibu, maana siku ilikuwa ndefu.

Saa saba na nusu nilikuwa mlangoni kwa Gidioni, nimevaa gwanda la komandoo lililofuliwa. Saa nane, hakuna kosta. Saa nane na robo walikuja mashabiki kumi na tisa kushika nafasi za mechi. Wa Old Moshi, hakuna. Nikaona nianze, kosta itafika katikati.

Filamu inaanza na komandoo akipanda kilima. Ni mwendo wa dakika tisa bila neno hata moja. Nilitaka mtazamaji ausikie uchovu. Aliusikia. Dakika ya sita mzee mmoja aliyeketi mbele akauliza, kwa upole kabisa, kama huyu bwana anatarajia kufika leo. Dakika ya kumi na moja Gidioni akaja, akanishika bega, akasema ataweka wachezaji wakipasha misuli, na kwamba nisichukulie vibaya. Komandoo akatoweka ukutani, nafasi yake ikachukuliwa na watu wenye bukta. Watu walipiga makofi. Mimi huku nje nilikuwa nakunja bango.

Hapo simu ikaita. Kindness. Akasema, "Hosea, mama yako yuko huku kwenye tamasha. Njoo sasa hivi."

Nilipata boda, na njia nzima nilikuwa nayapanga mambo kichwani. Ilikuwa hivi: baba mdogo alikuwa ameona tangazo la tamasha lenyewe mjini, akamwambia dereva wa kosta asifuate maelekezo yangu, kwa kuwa msanii hajui njia. Wanawake thelathini na mmoja wakashushwa kwenye tamasha la kweli.

Yaliyotokea mlangoni nimesimuliwa na Kindness. Mama alitangulia, na kitenge chake. Bi Magreth akawakaribisha, akawauliza wamekuja kuona filamu ya nani. Mama akasema, "Tumekuja kuona kazi ya mwanangu. Hosea." Bi Magreth akafungua mdomo. Akawatazama wale wanawake, sare zao, viatu vyao vya kanisani, vumbi la safari. Akaufunga. Akamwita Kindness pembeni, akamwambia hana moyo wa kuwarudisha, na hana saa mbili na dakika arobaini. Kindness akamwambia mle ndani ya filamu, karibu na katikati, kuna dakika nne.

Nazifahamu hizo dakika nne. Ni kosa la kiufundi. Siku tulipopiga picha nyumbani niliiacha kamera jikoni juu ya gunia nikaenda kubadili suruali, na kumbe sikuizima. Wakati wa kuhariri nilikipachika kipande hicho kati ya mapigano mawili kwa bahati mbaya. Nilipogundua nilikuwa nimeshaituma. Sikuwahi hata kukisikiliza.

Nilifika mlangoni, ukumbini mkiwa na giza. Ukuta mzima ulikuwa Mama. Amekaa karibu na figa, anamenya ndizi za mtori, kisu kinakwenda chenyewe. Mbele yake kiti cha Baba, kitupu. Alikuwa anakiambia kile kiti kwa Kichagga, taratibu, kama anavyozungumza na mtu aliyerudi kutoka shambani. Alikuwa anasema hivi: Eliakim, mwanao amevaa tena yale magwanda. Majirani wananiuliza, nawaambia ni kazi. Mimi sijui kama ni kazi. Lakini akisimama mbele ya ile mashine, uso wake unakuwa kama wako mwaka ule ulipovuna kahawa yako ya kwanza. Kwa hiyo namenya ndizi. Watu wake watakuwa na njaa.

Kisha akamenya nyingine. Kisha nikaingia mimi na suruali mpya, nikaizima kamera.

Wasiojua Kichagga walikuwa wananong'onezwa na waliokijua. Macho yakaniwasha. Ni mafua. Julai ya Moshi haina huruma.

Taa zikawaka. Watu wote wakasimama, wakageuka, wakapiga makofi kuelekea nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Nikapita katikati yao, nikapanda jukwaani, nikashika kipaza sauti, nikaanza kueleza changamoto za kupata helikopta. Nilikuwa nimefika kwenye rangi ya mabawa Bi Magreth alipokichukua kipaza sauti mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto wembe. Akasema, "Mama Elisifa, tunaomba usimame." Mama alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, pembeni mwa mlango niliposimama. Sikumwona nilipoingia.

Walimpigia makofi mpaka akaziba uso kwa ncha ya kitenge.

Nje, kabla hajapanda kosta, aliniambia neno moja tu. "Hukuniambia kuwa ile mashine inaona." Nikamwomba radhi. Nilitaka kumuuliza kuhusu uso wangu na uso wa Baba. Dereva akapiga honi. Sikuuliza.

Jumapili, 27 Julai

Kikao cha ukoo baada ya ibada. Baba mdogo Eliudi amekwisha kupata habari zote. Jana alimuuliza Bi Magreth, na yule mama hajui kudanganya. Akasema neno ni neno: filamu ilikataliwa, nami niliwaachia wakatangaza kanisani. Nikajitetea vizuri. Nikasema dakika nne zimeonyeshwa na zimesimamisha ukumbi, kwa hiyo kisheria filamu imekubaliwa, angalau kwa kiasi.

Baba mdogo ni mtu wa mizani. Akatoa kalamu. Dakika nne kati ya mia na sitini ni sehemu moja ya arobaini. Akasema basi ile sehemu moja iendelee na filamu, na zile thelathini na tisa zije kupima maziwa.

Ukoo ulicheka. Mimi nilikuwa naandaa hoja ya pili. Mama akatia neno, kitu ambacho huwa hafanyi kikaoni. Akasema maziwa hupimwa asubuhi na saa tano huwa yamekwisha, na kwamba tangu saa tano mpaka jua kuzama ni muda mrefu kwa kijana. Baba mdogo akamtazama shemeji yake. Akafunga kalamu.

Kwa hiyo nimeajiriwa. Naiona kazi hiyo kama utafiti wa wahusika.

Jumatatu, 28 Julai

Bi Magreth ameniita. Nilijua angeniita. Kamati inataka nitengeneze filamu ya dakika ishirini: Mama, jikoni na kihambani, siku moja ya kawaida. Kindness atashughulikia sauti. Ikikamilika mwishoni mwa Oktoba wataizungusha vijijini, kuanzia Kahe kule tambarare mpaka huku juu. Mimi, mwongozaji. Ameandika masharti kwenye karatasi. Hakuna bunduki. Hakuna helikopta. Hakuna komandoo, awe hai au mzimu. Kamera ikae mahali pamoja, itulie. Nimetia sahihi kwenye kila mstari.

Tulipotoka, Kindness aliniambia yale maoni niliyoyakimbia wiki mbili zilizopita. Kwamba mimi najua kuona, shida ni pale ninapotaka kuonekana. Nikamshukuru. Ni sentensi nzuri. Nitaitumia kwenye mahojiano.

Jumamosi, 2 Agosti

Jana nimeanza kule maziwani. Mzee Yohana alileta lita kumi, kipimo kikaonyesha zina maji. Nikamwambia kwa adabu kwamba hatuwezi kuzipokea. Akasema kipimo hakijayaelewa maziwa yake. Akarudi mara mbili na maziwa yaleyale, mara ya pili akiwa amevaa koti. Baadhi ya watu hawawezi kabisa kukosolewa. Nilimhurumia.

Leo tumeanza kupiga picha. Nimezingatia masharti yote. Kamera kwenye kona ya jiko, imetulia. Kindness na maiki yake. Mama na mkungu wa ndizi. Tukafanya jaribio moja, nikalitazama kwa makini, nikaona kasoro kubwa ambayo kamati, kwa heshima zote, haikuiona.

Mama hana uzoefu wa kuigiza. Anamenya ndizi kana kwamba hakuna mtu anayemtazama.

Nimetembea kihambani nikizunguka zizi la ng'ombe mara tatu, kisha nimeamua. Kwa faida ya filamu, nafasi ya Mama nitaicheza mimi. Kindness aliweka maiki chini. Akaniuliza kama Bi Magreth anajua. Nikamsomea masharti, mstari kwa mstari. Bunduki, helikopta, komandoo. Hakuna mahali palipoandikwa nani avae kitenge.

Mama ndiye aliyenivalisha. Alinifunga kilemba mwenyewe, akinigeuza shingo huku na huku, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka kwa kicheko ambacho sijakiona tangu msiba. Kwa kuwa nilihitaji mtu wa kamera, nikamwonyesha kitufe. Akauliza atazame wapi. Nikamwambia anitazame mimi, basi, hakuna kingine cha kutazama. Akasema hilo analiweza.

Nikaketi kwenye kigoda. Nikavuta pumzi. Nikaichukua ndizi ya kwanza, nikaimenya kwa hisia kali, macho yakiwa mbali, kwenye maisha yote ya mwanamke wa mlimani.

Kule nyuma ya kamera Mama akasema kwa upole, "Hosea, baba, hiyo ni ndizi. Si jambazi."

Nimemwambia asijali. Sauti yake tutaiondoa wakati wa kuhariri.